Rulaji amekusimamisha Lubumbashi: fanya hivi, hatua kwa hatua

Simu huita asubuhi, saa watoto wanapokwenda shule. Ni mdogo wangu, au jirani, au kijana aliyenunua gari juma lililopita. Yuko kando ya barabara na sauti imebadilika: "Yaya, mkubwa wangu, rulaji amenisimamisha. Anasema gari ni chafu. Nifanye nini?" Wakati huo mtu mwenye sare, rulaji, yaani polisi wa barabarani, amesimama dirishani, na hakuna somo linaloweza kuingia kichwani. Ndiyo maana naandika hatua hizi hapa, uzisome ukiwa umekaa lupangoni, yaani uani kwako, umetulia.

Hapa Lubumbashi, Kongo (DRC), nimeendesha teksi kati ya Kenya, komini moja ya mji wetu, na mjini kati, kisha nikabeba mizigo barabara ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Nimesimamishwa kwa makosa ya kweli: taa ya nyuma imekufa, vinyeti (kodi ya gari ya kila mwaka) imepita siku zake. Nimesimamishwa pia kwa kuvaa pata-pata (ndala), kwa matope mlangoni, kwa godoro juu ya gari, na mara moja kwa sababu, eti, nilipita bila kusalimia.

Jambo moja ulishike kabla ya hatua zote. Anayekusimamisha bila kosa anafanya biashara ya muda wako. Anajua una mtoto wa kufikisha shuleni, una abiria wanaonung'unika, una shefu wa kazi anayeangalia saa. Ukimwonyesha kwamba una haraka, umekwisha kumtajia bei. Mwaka wangu wa kwanza nililipa asubuhi kwa ajili ya "gari chafu" ili niwahi. Jioni mtu yuleyule alinisimamisha tena mahali palepale. Gari nilikuwa nimeliosha mchana. Alichokumbuka ni uso wa mtu anayelipa.

Uwe navyo kabla ya kuwasha injini

Karatasi ni hizi: permi ya kuendesha, karte roze (kadi ya usajili wa gari), bima, vinyeti ya mwaka, na kontroli tekiniki (cheti cha ukaguzi wa gari). Ukibeba abiria kwa malipo, ongeza ruhusa ya usafiri. Vinyeti inalipwa kwa jimbo, kwetu Haut-Katanga kupitia DRHKAT, ofisi ya mapato ya jimbo, kwa hiyo usinunue kwa mtu wa pembeni anayesema ana "njia ya mkato". Bima ya gari ni lazima kwa sheria tangu 1973. Zamani SONAS, kampuni ya bima ya Serikali, ndiyo ilikuwa peke yake, lakini sheria ya bima ya 2015 ilifungua mlango kwa kampuni nyingine. Kama karatasi yako ni ya kampuni nyingine, uwe tayari kulieleza hilo kwa upole.

Piga picha ya kila karatasi kwa simu, mbele na nyuma, na uache fotokopi nyumbani. Siku karatasi zikishikwa, utakuwa na namba zake.

Ndani ya gari weka pembetatu ya kuonya, kizima-moto ambacho hakijapita tarehe, kisanduku cha dawa, gurudumu la akiba na jeki. Hivi ndivyo vitu vinavyoulizwa karatasi zote zikionekana nzuri. Viweke mahali unapoweza kuvitoa bila kufungua buti nzima na kutandaza mizigo yako barabarani.

Uwe na daftari dogo na kalamu. Uwe na simu yenye chaji na unite (salio). Andika kwenye karatasi, si kwenye simu tu, namba za watu watatu: mwenye gari, ndugu mmoja mtulivu, na mwanasheria kama unamjua. Simu huzimika, tena huzimika siku hiyo hiyo.

Jioni kabla ya safari, zunguka gari mara moja. Taa za mbele, taa za breki, taa za kuonyesha upande, honi, mkanda. Pangusa namba ya gari. Kwetu kiangazi vumbi jekundu hufunika kila kitu, na masika matope hupanda mpaka kwenye kioo. Namba isiyosomeka ni kosa la kweli, na kitambaa chenye maji kinalimaliza kwa dakika moja.

*Onyo:* usiweke noti yoyote ya pesa kati ya karatasi zako, hata kwa kusahau. Ukimpa mtu kijaluba chenye noti ndani, ameelewa kwamba unampa.

Hatua zenyewe

1. Simama mahali pazuri. Ukinyoshewa mkono, usikimbie. Ukikimbia, jambo dogo linakuwa kubwa, na wenzake wako mbele na simu. Onyesha upande wa kulia, punguza mwendo, toka kwenye njia ya wengine. Wapya wengi hukanyaga breki palepale kwa woga, katikati ya makutano, na kosa la kwanza la kweli huzaliwa hapo: unazuia barabara. Kama mahali pale hapafai, mwonyeshe kwa mkono kwamba unasogea mbele kidogo, kisha sogea polepole mbele ya macho yake.

2. Zima injini, ufunguo mfukoni, milango ifungwe kwa ndani. Ukisahau nyingine zote, usisahau hatua hii. Mikono miwili huja haraka: mmoja unapita dirishani kuchomoa ufunguo, mwingine unafungua mlango wa abiria. Mtu akishakaa ndani ya gari lako, hutamtoa kwa maneno. Atasema "twende biro", yaani ofisi ya polisi, na njiani biro itasahaulika, mtabaki mnazunguka na kujadili pesa. Shusha kioo kiasi cha kiganja, sauti isikike na karatasi ipite. Usikifunge chote, ni kumdharau mtu. Wenye volani ya kulia, wengi mjini kwetu kwa sababu ya magari yanayopitia Dar es Salaam na Zambia, angalieni: sisi tunaendesha upande wa kulia wa barabara, kwa hiyo wewe umekaa upande wa ukingo, na mlango wa kushoto unabaki nyuma ya mgongo wako wakati unaongea. Huo ndio unaosahaulika kufungwa. Manseba, wewe wa pikipiki, kwako ni ufunguo kwanza. Kabla hujashusha mguu, ufunguo uwe mfukoni.

3. Salimia. Toa miwani ya jua, zima muziki, sema: "Jambo shefu. Habari ya kazi?" Mwenye mvi mwite papa, mwanamke mwite mama. Hata kama askari ni kijana uliyemzidi miaka 20, mwite shefu. Heshima hiyo iwe ya kweli. Watu hawa wanasimama juani na kwenye mvua kwa mshahara mdogo, na wengi wao hawatafuti ugomvi na wewe. Akianza kwa Kilingala, lugha iliyozoeleka kwa polisi na wanajeshi wetu, mjibu salamu kwa Kilingala kama unakijua, kisha endelea kwa Kiswahili unachokimudu. Lugha usiyoimudu itakufanya ukubali jambo ambalo hukulielewa.

4. Uliza sababu, kisha nyamaza. "Samahani shefu, nimekosa wapi?" Swali hilo moja linatosha. Wapya hujishtaki wenyewe: "Najua, ile taa nilitaka kuitengeneza leo." Yeye hakuwa ameiona. Acha aseme mwenyewe, na usimkate maneno. Ukimya wako unamlazimisha kutaja kitu, na kile alichotaja kwanza kikumbuke, kwa sababu baadaye kinaweza kubadilika.

5. Toa karatasi moja moja. Permi kwanza. Ikirudi mkononi mwako, ndipo karte roze. Ikirudi, ndipo bima. Ukimpa kifurushi kizima, umempa kamba ya kukufungia, maana atakirudisha anapotaka. Usizinyakue na usizivute. Kama anashika karatasi kwa muda mrefu bila kuisoma, sema: "Shefu, hiyo ukimaliza nikupe nyingine."

6. Pima: kosa lipo au halipo? Sheria yetu ya barabara ni ya tarehe 30 Agosti 1978, namba 78-022. Huhitaji kuikariri. Jiulize kwa moyo safi: je, nimefanya jambo linaloweza kumuumiza mtu au linalokosa karatasi inayotakiwa? Mkanda haukufungwa, simu sikioni, bima imekwisha, taa imekufa: kosa lipo. Kubali: "Ni kweli shefu, nimekosa." Mtu anayekubali kosa la kweli mara nyingi huachiwa kwa onyo, nimeliona hilo mara nyingi kuliko nilivyotarajia. Kama kosa halipo, usiseme "unadanganya". Sema: "Shefu, mimi sijaliona kosa hilo. Naomba uniandikie."

7. Omba maandishi. Faini halali ina safari yake: PV (karatasi rasmi ya kosa) iliyoandikwa, noti ya malipo ya DGRAD (ofisi ya mapato ya Serikali), benki, risiti. Pesa inayokabidhiwa dirishani haina karatasi hata moja kati ya hizo. Kwa hiyo sentensi yako ni moja, unairudia kwa sauti ileile: "Sina shida kulipa faini, shefu. Naomba PV, niende nikalipe." Usiseme kwa jeuri, wala usitaje jina la jenerali unayemjua. Nimeona jina kubwa likigeuza dakika kumi kuwa saa tatu, kwa sababu askari anaona unamtisha mbele ya wenzake. Na ukitaja mtu, halafu akasema "mpigie sasa", na yule asipokee, umekwisha.

8. Kaa. Hapa ndipo wengi wanaangukia. Hatua saba umezifanya vizuri, kisha dakika ya kumi na tano unaanza kuangalia saa. Usiangalie saa. Mpigie anayekungoja, sema kwa sauti ya kawaida: "Nitachelewa kidogo, niko na mashefu wa rulaji hapa, tunamaliza." Simu hiyo inafanya kazi mbili: unayemwendea amejua, na aliye dirishani amesikia kwamba kuna mtu anayejua uko wapi na uko na nani. Kunywa maji. Kama una abiria, waambie ukweli wasikusumbue kwa kelele, au wapandishe gari jingine na uwarudishie nauli. Kupoteza nauli hizo kunauma, najua. Lakini abiria wanaopiga kelele "mpe tu twende!" wanapandisha bei kuliko nauli zao zote. Yeye naye ana muda wake. Kila dakika anayokaa na wewe, magari mengine yanapita, na wewe hujamlipa chochote.

9. Akiomba waziwazi, kataa kwa heshima. Maneno yatakuja kwa upole: watoto, jua kali, kitu kidogo cha bukari (ugali), au kwa Kilingala, madesu ya bana, maharage ya watoto. Jibu fupi linatosha: "Leo sina, shefu. Mungu akusaidie." Ukumbuke pia kwamba sheria ya rushwa inamwadhibu anayetoa pamoja na anayepokea. Mimi nimewahi kumpa askari maji ya kunywa mchana wa Oktoba, baada ya kuniachia na karatasi zangu zikiwa mkononi mwangu. Hayo ni maji ya binadamu mwenzako. Kabla hajakuachia, chupa hiyohiyo ni malipo.

10. Ondoka taratibu, kisha andika. Hakikisha kila karatasi imerudi, funga mkanda, onyesha upande, ondoka. Ukifika mbele simama, uandike: tarehe, saa, mahali, alichokitaja kwanza, jina au namba ya sare kama ilionekana, na shahidi. Usimrekodi mtu kwa simu mbele ya uso wake. Simu hiyo ndiyo itakayochukuliwa, na mazungumzo yatahamia kwenye simu.

Makosa ninayoyaona kila siku

La kwanza ni kushuka haraka na kumfuata askari nyuma ya gari, ukiacha milango wazi. Akikuomba ushuke, shuka, lakini funga mlango na ufunguo uwe na wewe.

La pili ni kuanza kupatana bei. "Punguza, shefu" maana yake umekubali kosa na umekubali njia. Baada ya hapo huwezi kurudi kwenye PV.

La tatu linanigusa zaidi, kwa sababu nimeliona kwa dada zangu: kulia au kuomba msamaha kwa kosa ambalo hukufanya. Mwanamke akiendesha peke yake, wengine humpima kwa sauti kali ya mwanzo. Dada yangu mdogo alikuwa akilipa kila juma. Tulikaa lupangoni jioni tatu, mimi nikiwa askari na yeye ndani ya gari, tukirudia: salamu, swali, ukimya, karatasi moja moja. Juma lililofuata alisimamishwa, akarudia yaleyale, akaachiwa bila kulipa hata franka moja.

Mambo yakiharibika

*Amechukua ufunguo.* Usimvute mkono. Shuka, simama karibu na gari, urudie ombi lako la PV. Mpigie ndugu yako mtulivu aje na ufunguo wa pili. Usiache gari peke yake.

*Amechukua karatasi na ameondoka nazo.* Muulize biro gani, na jina lake. Nenda huko siku hiyohiyo, na mtu mmoja wa kukusindikiza, ukiwa na picha za karatasi kwenye simu. Ukingoja kesho, karatasi zinaweza kuwa zimehamia mkono mwingine.

*Anasema "twende biro".* Kubali. Watu wengi huogopa biro kuliko inavyostahili, na woga huo ndio unaouzwa. Sema: "Sawa shefu, tangulia, nitakufuata." Mwambie mtu kwa simu biro mnayokwenda. Nusu ya safari hizi huishia hapohapo, kwa sababu mkubwa wake ataulizia kosa ni lipi. Kama wamepanda kwa nguvu, endesha kwa barabara kubwa zenye watu, moja kwa moja mpaka biro, bila kusimama "mahali pa kuongea".

*Wanasema volani ya kulia imekatazwa.* Onyesha karte roze na namba ya gari. "Shefu, Serikali imeliandikisha gari hili na kulipatia namba." Kisha kaa, kama hatua ya 8.

*Gari si lako.* Beba barua fupi ya mwenye gari, yenye sahihi yake na namba ya simu, pamoja na fotokopi ya kitambulisho chake. Bila hiyo, wizi unaweza kutajwa, na hilo si jambo la dakika kumi.

*Ni usiku, mahali pana giza, na ana silaha.* Hapa sahau hatua nyingi. Washa taa ya ndani, mikono ionekane juu ya volani, sema polepole, usibishane. Ukiweza, sogea kwanza mpaka penye taa au watu. Akitaka simu au pesa, mpe. Uhai wako haulinganishwi na kitu chochote kilichomo garini. Utaandika na kushtaki ukishafika salama.

*Umewekwa ndani.* Sasa ni kukamatwa, na Katiba ya 2006 inazungumza waziwazi, ibara ya 18: uelezwe sababu mara moja, kwa lugha unayoielewa, na uruhusiwe mara moja kuwasiliana na familia au mwanasheria wako. Kiswahili ni lugha ya taifa kwa Katiba hiyohiyo, kwa hiyo una haki ya kuelezwa kwa Kiswahili. Hawawezi kukushika polisi zaidi ya saa 48 bila kukuachia au kukupeleka mbele ya mamlaka ya mahakama. Andika saa uliyoingia. Usitie sahihi karatasi ambayo hujasomewa.

*Unataka kushtaki.* Polisi wanahukumiwa na mahakama za kijeshi, kwa hiyo malalamiko juu ya kosa la askari yanapelekwa oditora ya kijeshi, ofisi ya mwendesha mashtaka wa jeshi. Unaweza pia kwenda kwenye Inspeksheni kuu ya polisi, au Tume ya taifa ya haki za binadamu. Peleka daftari lako. Malalamiko yenye saa, mahali na shahidi yanasomwa. Yale ya "wanatusumbua kila siku" huwekwa pembeni.

*Huna gari, unatembea kwa miguu, na umesimamishwa kwa sababu huna kadi.* Kwetu kadi ya mpiga kura ndiyo inayotumika kama kitambulisho. Iwe mfukoni kila unapotoka, hasa ukirudi usiku kutoka mjini kwenda Katuba au Ruashi. Kama umeisahau, onyesha picha yake kwenye simu, sema unakaa wapi, barabara na namba ya lupango, na umpigie mtu wa nyumbani kwa sauti inayosikika. Vijana wanaotembea watatu au wanne, mmoja aongee, wengine wanyamaze.